Siku Nilipomfua Mgeni

Tangu tumzike mama, harufu ya sabuni ya mche imenishinda. Siku hizi nanunua ya unga, hata kwa soksi za watoto, na mume wangu amenyamaza ingawa anakumbuka vizuri nilivyokuwa naisema. Zamani niliamini kwamba anayefua kwa sabuni ya unga ni mvivu tu anayetafuta pa kujificha. Mche wa sabuni, ndoo tatu za maji, jua la Mwanza na jiwe safi la kuanikia, basi, mimi sikuhitaji kingine. Mimi ni mtu wa kufua. Rafiki zangu hunitania kwamba nikiongea na mtu kwa muda mrefu, macho yangu huanza kushuka kwenye kola yake.

Sasa nikipita dukani Buzuruga, nikamkuta muuzaji anakata mche vipande kwa kisu, navuka barabara. Msidhani ni uchungu wa msiba peke yake. Msiba wa mama ni wa juzi, na uchungu wake naujua ulipokaa. Harufu hii inanirudisha nyuma zaidi, kwenye jambo nililolifanya nikiwa na miaka minane na ambalo nimejivunia karibu maisha yangu yote.

Tulikuwa tunakaa Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha samaki alikofanya kazi baba. Vyumba viwili, ukumbi mdogo wa mbele ambako mama aliweka cherehani yake, na nyuma ya nyumba jiwe moja kubwa, refu kuliko paa. Wa Mwanza mnayajua mawe yetu. Lile letu lilikuwa na upande mmoja ulioinama taratibu, hivyo mtoto aliweza kupanda bila kushika kitu, na ukifika juu uliliona ziwa kwa mbali kati ya mabati. Mama alianika nguo pale zaidi kuliko kwenye kamba. Alisema kamba inaninginiza nguo, jiwe linazipiga pasi.

Wa rika langu mnakumbuka pia tulichezea nini. Magari ya waya, mipira ya mifuko na makaratasi, wanasesere wa gunzi wenye nywele za mahindi mabichi ambao walikuwa wakioza baada ya wiki moja. Mdoli wa manyoya tulimwona kwenye kalenda. Kwa hiyo siku baba alipoingia nyumbani amembana mmoja kwapani kama kuku, watoto wa nyumba zote sita walimfuata mpaka mlangoni. Alikuwa amempata kwenye rundo la mitumba Buzuruga, siku ileile mama aliporudi kutoka kujifungua mdogo wangu, Masalu.

"Kabula," baba aliniambia, "mama amepata mtoto, na wewe umepata wako."

Nilikuwa na miaka mitano na nusu, na nilikuwa nimezoea kuwa peke yangu. Baba hakuwa msemaji, alitoka zamu akiwa na harufu ya sangara na kulala, lakini siku hiyo alifikiria mbali. Nilimpokea yule mdoli na kumbeba mgongoni kwa kanga, kama mama alivyombeba Masalu, na kwa miezi kadhaa sikuwa na wivu na mtu.

Alikuwa dubu wa rangi ya kahawia, mwenye sikio moja lililoliwa na jicho moja tu. Jicho la pili mama alimshonea kwa kifungo cheupe cha shati la shule, kwa sababu alikuwa akishona sare na vifungo vilikuwa vimejaa kwenye kopo. Kile kifungo kilikuwa kikubwa kuliko jicho la kwanza, ikawa kila ukimtazama anaonekana kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Hakuna hata mmoja kwetu aliyekuwa amewahi kumwona dubu. Bibi mzaa baba, alipokuja kutoka Misungwi kumwona mjukuu, alikataa kabisa kumshika.

"Yaya," alisema kwa Kisukuma, yaani hapana. "Hili ni fisi. Mtoto halali na fisi."

"Mama, ni dubu," baba akamwambia.

"Umemwona wapi dubu wewe?"

Mama ndiye aliyeamua. Alimchukua yule mdoli, akamkalisha juu ya cherehani na kusema, "Ametoka mbali, ni mgeni. Mwacheni apumzike." Jina likabaki hilo, Mgeni, na bibi akaridhika kwa sababu mgeni hafukuzwi, hata akiwa na uso wa fisi.

Masalu alipoanza kutambaa, alimtambalia Mgeni. Alipoanza kusimama, alisimama kwa kumshika Mgeni sikio lile lililobaki. Nilipomnyang'anya alilia mpaka akapaliwa, na mama akaniambia maneno ambayo kila mtoto wa kwanza ameyasikia: "Wewe ni mkubwa, mwachie mdogo wako." Nilimwachia. Lakini sikusamehe, na nataka hilo lijulikane mapema kwa sababu linahusika na yaliyofuata. Nilikuwa namwona Mgeni mikononi mwa Masalu kila siku na kila siku nilijua ni wangu.

Masalu alimtumia kwa kila kitu. Alimfutia mdomo uji wa ulezi, akalala juu yake, akamkojolea, akamburuta mpaka bombani na kurudi. Mama alimpaka Masalu mafuta ya nazi kichwani, na mafuta yale yakahamia kwa Mgeni. Alianza kuwa na harufu yake mwenyewe, ya maziwa yaliyolala, mafuta, uji na mkojo, na mimi niliyeanza mapema kuwa mtu wa usafi nikalalamika.

"Mama, Mgeni ananuka."

"Hanuki," mama alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Ananukia Masalu."

"Na Masalu ananuka."

Mama alicheka mpaka akasimamisha mguu. Hakumfua Mgeni mara nyingi. Alijaribu siku moja, na Masalu akakaa chini ya jiwe analilia juu tangu asubuhi mpaka alasiri, anyonye hataki, ale hataki, hadi mama akampa mdoli akiwa bado mbichi. Baada ya hapo alikuwa akimfuta tu kwa kitambaa na kusema Mgeni atakoga Masalu akikua.

Kuhusu mkojo, nisijifanye. Mimi pia nilikuwa kikojozi mpaka nilipokaribia miaka saba, na kitanda tulilala mimi na Masalu. Kila asubuhi mama aliinua shuka, akaligusa, akaliweka puani, huku mimi nimesimama pembeni kama mshtakiwa. Hakuwahi kunipiga kwa hilo. Alikuwa anataka kujua tu nani wa kufuliwa shuka na nani wa kupongezwa.

Masalu alifariki akiwa na miaka miwili na nusu. Ilianza homa, ikaja degedege, wakampeleka hospitali na Mgeni. Siku ya tatu mama alirudi na Mgeni, na Masalu akarudi mikononi mwa wanaume. Siwezi kuandika zaidi ya hapo, na kwa kweli sikumbuki zaidi ya hapo, isipokuwa kwamba nilinyolewa nywele na kwamba watu wazima walinipa chakula kingi kuliko siku nyingine yoyote.

Ninachokumbuka vizuri ni siku ya kuanua matanga. Bibi ndiye aliyeisimamia. Asubuhi aliagiza maji, mabeseni yakapangwa nyuma ya nyumba, na kila kitu cha Masalu kikatolewa nje: nguo, vishuka, neti, mbeleko, mpaka kile kikombe chake cha plastiki. Wanawake walivua viatu wakaanza kufua, na jiwe letu lote likajaa nguo ndogondogo. Nilikuwa sijawahi kuziona zote kwa pamoja. Mama mdogo Leah, mdogo wake mama, ambaye wakati ule alikuwa msichana tu aliyemaliza shule, alinipa soksi nifikiche.

Niliuliza kwa nini tunafua vitu ambavyo havina mtu wa kuvivaa.

"Leo tunafua msiba," bibi aliniambia. "Tukishamaliza, tunagawa nguo kwa ndugu, kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Na mfue vyote. Ukisahau hata kitambaa kimoja, msiba unabaki ndani ya nyumba."

Sijui kama hiyo ilikuwa mila au ilikuwa namna ya bibi ya kuwahimiza wavivu. Mimi niliichukua kama ilivyo. Nguo zilikauka, zikakunjwa, zikagawanywa. Sweta ya njano alipewa mtoto wa shangazi, akavishwa palepale, na nikamwona mama anatazama ukutani. Jioni turubai lilishushwa. Kesho yake bibi alirudi Misungwi na baba akarudi zamu. Mama mdogo Leah alibaki kutusaidia.

Kila mtu alirudi kwenye kazi yake isipokuwa mama. Cherehani ilikaa imefunikwa kitenge. Wazazi wa wanafunzi walikuja kuulizia sare, wakaambiwa warudi, wakarudi, wakaambiwa warudi tena. Mama alilala amegeukia ukuta. Nilimsalimu asubuhi nikienda shule, "Shikamoo mama," akaitika "Marahaba" bila kugeuka, na nilipotoka shule nilimkuta vilevile. Nikaanza tena kukojoa kitandani. Hakuna aliyekuja kuinua shuka. Mama mdogo Leah ndiye aliyefua, na alinyamaza, na huo ukimya ulinitisha kuliko fimbo.

Mtoto huwa anatafuta sababu. Nilitafuta yangu na nikaipata wiki ya tatu. Mama alikuwa ametoka kwenda msalani, nami nikaingia chumbani kwao kutafuta pini. Mto wake ulikuwa umetuna vibaya. Niliingiza mkono kwenye foronya na kugusa manyoya.

Mgeni. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Siku ile ya kufua hakutolewa nje, hakuna aliyemuulizia. Nilimvuta na harufu yake ikanijia usoni, ileile ya maziwa na mafuta na mkojo, na kitu cha dawa za hospitali juu yake. Nilielewa mara moja. Ndiyo maana mama hainuki. Walisahau kitu kimoja, na msiba umebaki ndani ya nyumba, umejificha ndani ya foronya, chini ya kichwa cha mama.

Nilimficha ndani ya gauni nikasubiri. Mama alirudi, akalala bila kugusa mto. Mama mdogo Leah alichukua kikapu akaenda sokoni. Ndipo nikateka maji. Bomba lilikuwa nyumba ya nne, na ndoo ilinizidi, kwa hiyo nilibeba nusu nusu, safari sita. Nilichukua mche wa sabuni jikoni, mzima, bila kuukata. Nilimloweka Mgeni, nikamsugua kwa brashi ya viatu, tumbo, mgongo, makwapa, ndani ya lile sikio lililoliwa. Maji ya kwanza yalitoka meusi kabisa, na niliyamwaga mtaroni kwa furaha kwa sababu nilikuwa nauona msiba unatoka. Ya pili yalikuwa kama chai. Nilimsuuza mara tatu, na maji ya mwisho nikaweka buluu kidogo kama mama anavyofanya kwa mashati meupe. Nilimkamua kwa kumkanyaga. Kisha nikapanda naye juu ya jiwe, nikamlaza chali upande wa jua na kumwekea kijiwe tumboni, mwewe wasije kumchukua.

Na niseme na lile jingine. Nilipomlaza pale, mwenye manyoya yaliyosimama, akinukia kama shati la Jumapili, nilifurahi pia kwamba sasa hana cha Masalu tena. Alikuwa kama siku baba alipomleta. Nilimfua kwa ajili ya mama, hilo ni kweli mbele ya Mungu. Lakini nilitaka arudi kuwa wangu, na hilo pia ni kweli.

Nilikuwa bado juu ya jiwe mama alipotoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu matanga kumwona nje mbali kuliko msalani. Alikuwa pekupeku, ameshika ile foronya tupu mkononi, anaangalia chini ya mabeseni, nyuma ya ndoo. Kisha akaangalia juu.

Alipanda jiwe taratibu. Aliondoa kile kijiwe, akamwinua Mgeni, akamweka usoni. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Maji yalichuruzika mpaka kifuani kwake na gauni likaloa lote.

"Mama, nimemfua," nikamwambia. "Walimsahau. Sasa msiba umekwisha."

Niliona mabega yake yanapanda na kushuka, nikadhani amechoka kupanda.

"Umemfua kwa sabuni gani?" aliuliza mwishowe, bado amemweka usoni.

"Ya mche. Na buluu kidogo."

"Umesuuza?"

"Mara tatu."

"Maji umeyatoa wapi?"

"Bombani. Nimeteka mwenyewe."

Alimrudisha Mgeni juu ya jiwe, mahali palepale, akamwekea kijiwe chake tumboni. Alinishika kichwa, nywele zilikuwa zimeanza kuota. "Asante, mwanangu," alisema. "Akikauka, mchukue. Ni wako." Kisha akashuka, akaingia ndani na kufunga mlango.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na mlio wa cherehani.

Nadhani mnaelewa kwa nini nilijivuna. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nimeushinda msiba uliowashinda bibi, baba na mchungaji. Nilimpata Mgeni wangu, nikampata mama. Hadithi ile niliihadithia shuleni, nikaihadithia chuoni. Kwenye sherehe yangu ya kuagwa, nikiwa nimevaa gauni alilonishonea mama mwenyewe, nilishika kipaza sauti na kuihadithia mbele ya ukumbi mzima, na buluu, na brashi ya viatu, na kumkanyaga. Watu walicheka wakafuta machozi. Mshereheshaji alisema mume wangu amepata mke mwenye sabuni mkononi. Mama alikuwa meza ya mbele. Alitabasamu na kurekebisha kanga begani, mara mbili, kama mtu anayehisi baridi.

Mama amefariki mwaka huu, kwa ugonjwa uliompa muda wa kutuaga. Siku ya kuanua matanga mimi ndiye niliyesimamia, kwa kuwa bibi na baba walishatangulia na mimi ndiye mkubwa. Niliagiza maji, nikapanga mabeseni pale pale nyuma ya nyumba ya Nyakato, ambayo baba aliuziwa na kiwanda alipostaafu. Nilitoa kila kitu. Madera, vitenge, vitambaa vya kichwa, foronya, hata futi yake ya kupimia niliyoikuta kwenye mfuko wa aproni. Niligawa kazi, nikapita kwa kila beseni kuhakikisha hawadanganyi kwenye kusuuza. Wakwe zangu walinitazama kwa heshima. Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe, nilijisikia kama mtu anayejua anachokifanya.

Mwishowe nilibaki na kanga moja. Ilikuwa ile aliyojifunga akiwa kwenye cherehani, imechakaa mpaka maneno yake hayasomeki, inanukia mafuta ya mashine na mafuta ya nazi. Mama mdogo Leah, ambaye sasa ni mzee mwenye magoti mabovu, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu yangu akikunja.

"Na hiyo pia?" aliuliza.

"Na hii pia, mama mdogo. Tusiache hata kitambaa." Nikaizamisha. Povu likaja juu. "Unakumbuka Mgeni? Nilimfua, kesho yake mama akainuka."

Nilitarajia acheke, kwa sababu kila mtu hucheka hapo. Aliendelea kukunja. Alikunja blausi ile ile mara tatu.

"Mama yako aliniapisha," alisema. "Lakini sasa hayupo, nami sina siku nyingi. Kabula, siku ile niliporudi sokoni nilimkuta amekaa sakafuni. Aliniambia, 'Leah, hata harufu yake sina tena.'"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji. Niliiacha humo.

"Nilitaka kuja kukuchapa. Fimbo nilishaichuma. Akanishika mkono, akasema usimguse, wala usimwambie kamwe. Akasema, 'Mtoto ameteka maji peke yake. Mimi nimelala wiki tatu sijamuuliza hata amekula nini. Nikiendelea hivi nitampoteza na huyu.' Ndiyo akainuka. Hakuinuka kwa sababu umefua. Aliinuka kwa sababu yako."

"Mbona hakuniambia nilipokuwa mkubwa?"

Mama mdogo Leah alinitazama bila hasira.

"Angekuambia lini? Kila mara ulikuwa unahadithia wewe."

Niliitoa kanga kwenye maji nikaiweka usoni. Ilikuwa sabuni tupu. Nilisimama nikaenda kwenye jiwe, nikanusa dera moja, nikanusa jingine, nikanusa foronya. Watu walidhani naangalia kama zimetakata, na mke wa mdogo wake baba akaniambia, "Usijali, Kabula, tumesuuza vizuri." Nilimwambia asante. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo mama alisimama na gauni lililoloa, na safari hii hakukuwa na mtoto wa kumlaumu.

Nimefikiria sana tangu siku hiyo. Nilikuwa nadhani mdoli wa manyoya ni kitu cha mtoto kujifunzia kupenda, akishajua anakitupa. Sikujua kwamba anaweza kubeba mtu ambaye hatumwoni tena, na kwamba mama alikuwa amelalia kichwa chake juu ya yule mtu, wiki tatu, akimtumia kidogokidogo. Kumfua ni kosa la mtoto, na hilo naweza kujisamehe siku nikipata nguvu. Ninachoshindwa ni kile kipaza sauti. Ni ile miaka yote niliyomketisha mama meza ya mbele na kumsimulia, kwa vicheko, jinsi nilivyommwaga Masalu kwenye mtaro, na yeye akarekebisha kanga.

Mgeni bado ninaye. Alilala na mimi mpaka nilipoenda sekondari, akalala na watoto wangu wote watatu, na kila mmoja alipomwacha nilimfua nikampa anayefuata. Nilipotoka msibani nilimtoa kabatini, kifungo chake cheupe kikiwa bado kimeshikwa na uzi wa mama, nikamnusa kila mahali. Sikumpata mtu.

Lakini nilipokuwa nimemweka usoni hivyo, nilikumbuka kitu ambacho sikuwahi kukihadithia kwa sababu nilikionea aibu. Baada ya mama kuinuka, alirudi kuja kututandikia kitanda asubuhi, ingawa sasa nililala peke yangu. Aliinua shuka, akaligusa, akaliacha. Kisha alimchukua Mgeni kwapani kwangu, akamweka puani, akafumba macho. Alifanya hivyo kila asubuhi, miezi na miezi. Mimi nilisimama pembeni nimejikunja, nikidhani ananitafutia kosa, na sikungoja aniulize.

"Sijakojoa, mama."

"Najua," alisema, na hakumtoa usoni.